Ubongo Mbele ya Hakimu: Mwongozo Kamili wa Kutumia Ushahidi wa Nyurosaikolojia Kesini

Kesi nyingi zinazohusu ubongo huharibika mapema sana, kwenye barua ya mistari miwili: "Tafadhali mpime mteja wangu akili, kisha ututumie ripoti." Mtaalamu anapima, anatuma kurasa thelathini za majedwali, na wakili anakuja kugundua mbele ya hakimu kwamba hakuna hata ukurasa mmoja unaojibu kile mahakama inachotaka kujua. Mwongozo huu ni wa wakili, wa mdai au mshtakiwa, na wa ndugu wanaomsindikiza. Unafuata safari yote, kuanzia barua ile hadi kizimbani.

Nyurosaikolojia ni taaluma inayochunguza jinsi ubongo unavyoendesha kumbukumbu, umakini, lugha, kasi ya kufikiri, na uwezo wa kupanga mambo na kujizuia. Mtaalamu wake hapasui fuvu wala hapigi picha. Anampa mtu kazi za kufanya: kukariri orodha ya maneno, kunakili mchoro, kuunganisha namba kwa mfuatano huku saa ikihesabu. Kisha analinganisha matokeo na yale ya watu wenye umri na elimu kama yake. Picha ya MRI itakuonyesha kovu lilipo; vipimo hivi vitakuonyesha kovu hilo limemnyang'anya mtu nini.

Mwaka 1848, huko Cavendish, Vermont, mtaimbo wa chuma ulimpenya kichwa Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli. Uliingia chini ya shavu ukatokea juu ya kichwa. Akapona, akatembea, akazungumza. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika baadaye kwamba waajiri waliomhesabu kuwa msimamizi hodari hawakuweza kumrudishia nafasi yake, kwa jinsi tabia yake ilivyogeuka. Wakili wa mdai angeishia hapo. Wakili wa mdaiwa angeendelea kusimulia: Gage huyohuyo alikwenda Chile na kuendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa, kazi inayotaka ratiba na uangalifu. Ni jeraha moja lenye hoja mbili, na zote mbili za kweli. Mahakama itasikiliza ipi? Inategemea imeulizwa nini.

Hatua ya 1: Andika swali la sheria kabla ya kumtafuta mtaalamu

Hii ndiyo hatua ninayoiona kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Sheria haiulizi kama ubongo wa mtu una kasoro. Inauliza jambo finyu zaidi, na kila aina ya kesi ina swali lake.

Katika jinai, swali la kwanza linaweza kuwa la leo: je, mshtakiwa anaweza kushtakiwa? Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika Dusky v. United States (1960), iliweka kigezo kinachonukuliwa mpaka sasa: mshtakiwa awe na uelewa wa kweli na wa kimantiki wa mashtaka yake, na aweze kushauriana na wakili wake kwa akili inayofuatana. Mtu anaweza kuwa na kumbukumbu mbovu na bado akatimiza hayo.

Swali la pili ni la siku ya tukio. Kanuni za M'Naghten, zilizotungwa Uingereza mwaka 1843 baada ya Daniel M'Naghten kumuua katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, zinauliza kama maradhi ya akili yalimfanya mtu asijue anachokitenda, au asijue kwamba ni kosa. Hapo mtaalamu anatakiwa kurudi nyuma na kuieleza akili ya siku ambayo yeye hakuwapo. Vipimo vya leo vinamsaidia kwa sehemu tu. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye kumbukumbu za hospitali, maelezo ya polisi na mashahidi waliomwona mtu saa zile.

Kwenye mirathi, kesi ya Kiingereza ya Banks v Goodfellow (1870) bado ndiyo mlango ambao wengi hupitia: je, mwenye wosia alielewa kuwa anaandika wosia na athari zake, alijua kwa ujumla mali aliyonayo, alitambua watu wenye haki ya kufikiriwa, na hakuwa na maradhi ya akili yaliyopotosha uamuzi huo? Angalia kwamba haulizwi jina la rais wala tarehe ya leo. Mzee anayesahau tarehe anaweza kuandika wosia halali, na mwingine anayejibu maswali yote ya kliniki vizuri akawa amejaa dhana za uongo kuhusu mwanawe mmoja.

Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005 ya Uingereza na Wales inaongeza jambo ambalo ningependa kila familia ilijue: mtu huhesabiwa kuwa na uwezo hadi ithibitishwe vinginevyo, na uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja. Anayeshindwa kusimamia uwekezaji anaweza kabisa kuchagua mahali pa kuishi.

Katika madai ya fidia swali linageukia kesho: jeraha limepunguza nini, limesababishwa na nini, na hali itakuwaje miaka ijayo? Kuna pia swali la adhabu, ambalo nitalirudia kwenye hatua ya 6.

Basi barua yako isomeke namna hii: "Je, tarehe fulani, mtu huyu aliweza kuelewa na kupima faida na hasara za mkataba huu? Kama hakuweza, ni uwezo gani uliokosekana, na nini kinathibitisha?" Barua yenye swali hurudi na jibu.

Hatua ya 2: Mchague mtaalamu, na usimchanganye na daktari wa mteja

Kosa la huruma ni kumwita mahakamani mtaalamu yuleyule anayemtibu mteja. Anayetibu huyaamini maneno ya mgonjwa ili amsaidie. Anayechunguza kwa ajili ya mahakama anapaswa kuyatilia shaka. Mtu mmoja akibeba kofia zote mbili, atapoteza mgonjwa au atapoteza heshima kizimbani. Daktari anayetibu na aje kama shahidi wa aliyoyaona, na uchunguzi ufanywe na mwingine.

Mwulize unayetaka kumwajiri: mafunzo yake ya ubongo hasa ni yapi, maana saikolojia ni pana, ameshawahi kuandika ripoti isiyompendeza aliyemlipa, na anafanya kazi ya upande mmoja tu au zote mbili. Kanuni za madai za Uingereza, Sehemu ya 35, zinasema bila kuficha kwamba wajibu wa shahidi mtaalamu kwa mahakama unashinda wajibu wake kwa anayemlipa. Hata mahali pasipo na kanuni kama hiyo, mtaalamu anayekuahidi matokeo kabla ya kupima ni wa kukimbiwa. Malipo yasifungwe kamwe kwenye kushinda kesi.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi kabla ya kipimo chochote

Tumchukue mhasibu wa kubuni aliyegongwa na gari. Mwaka mmoja baadaye anapimwa na alama zake nyingi ni za wastani. Mdaiwa anashangilia: "Ni mzima!" Lakini kama vyeti vyake vya shule, mitihani yake ya taaluma na tathmini za kazini zinaonyesha alikuwa juu kabisa ya wenzake, wastani huo ni anguko. Bila karatasi hizo, hakuna mtu atakayejua ameanguka kutoka wapi.

Tafuta rekodi za saa za mwanzo baada ya ajali. Alama za kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974 na kinachoanzia 3 hadi 15, zinaeleza kina cha kupoteza fahamu. 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa jeraha dogo. Tafuta pia muda ambao mtu hakuwa akihifadhi kumbukumbu mpya baada ya kuumia, kwa kuwa muda huo huashiria uzito wa jeraha vizuri kuliko maneno ya mtu mwenyewe miezi mingi baadaye. Ongeza orodha ya dawa, majeraha ya kichwa ya zamani, pombe, kifafa, kiharusi, matatizo ya kusoma tangu utoto. Usifiche lisilokupendeza. Upande wa pili utalipata, na likitoka mikononi mwao litauma mara mbili.

Ndugu na wafanyakazi wenzake nao wahojiwe. Mara nyingi mwenye jeraha la sehemu ya mbele ya ubongo haoni kwamba amebadilika. Atakwambia yuko sawa huku mkewe akilia chumba cha pili.

Hatua ya 4: Mwandae mteja bila kumfundisha

Mwambie alale vya kutosha, ale, anywe dawa zake kama kawaida, abebe miwani na kifaa cha kusikia. Uchunguzi unaweza kumchukua siku nzima, akipewa mapumziko. Mweleze pia, kwa lugha asiyoweza kuisahau, kwamba huu si mkutano na daktari wake: anayoyasema yanaweza kuandikwa na kusomwa mahakamani.

Ishia hapo. Usimwonyeshe vipimo, usimwambie vipi vinakamata waongo, usimpe orodha ya dalili za mtikisiko wa ubongo. Ni ukosefu wa maadili, na tena ni upumbavu wa mkakati: aliyefundishwa huleta dalili za kitabuni, ambazo wagonjwa halisi mara nyingi hawana.

Suala la lugha linadharauliwa mno. Kipimo kikitafsiriwa papo hapo na mkalimani hakibaki kuwa kipimo kilekile. Utafiti wa mwaka 1980 kwa wazungumzaji wa Kiwelshi na Kiingereza ulionyesha kuwa mtu huyohuyo hukumbuka tarakimu chache zaidi kwa lugha ambayo majina ya tarakimu huchukua muda mrefu kuyatamka. Ubongo haukubadilika, maneno ndiyo yalikuwa marefu. Kuna na mtego mwingine, unaowahusu wasomaji wa lugha yetu moja kwa moja. Kwa Kiingereza, uwezo wa mtu kabla ya jeraha hukadiriwa kwa kumsomesha maneno yasiyotamkwa kama yalivyoandikwa, kwa kuwa ujuzi huo hudumu hata mengine yakiondoka. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Njia hiyo haituambii kitu hapa, na ripoti inayodai kuitumia kwa Kiswahili iulizwe ilifanyaje.

Kuhusu nani akae chumbani: kwa kawaida hakuna, zaidi ya mpimaji na mpimwa, na mkalimani inapobidi. Uwepo wa mzazi au wakili hubadilisha utendaji, na vipimo havikusanifiwa hivyo.

Hatua ya 5: Hakikisha juhudi zake zimepimwa

Vincent Gigante, mkuu wa kundi moja la mafia la New York, alizurura mitaani akiwa amevaa nguo za kulalia kwa miaka mingi, akijisemea peke yake. Madaktari kadhaa mashuhuri walimtetea kuwa mgonjwa. Mwaka 2003 alikiri mahakamani kuwa alikuwa akiigiza. Kama macho ya kliniki yangetosha, hadithi hiyo isingekuwapo.

Kwa hiyo ripoti ya mahakamani isiyo na vipimo vya juhudi, yaani vinavyoonyesha kama mtu amejitahidi kweli, ina tundu katikati. Kanuni yake kuu haina siri. Mwonyeshe mtu vitu 50, kisha kila kimoja kiwekwe pembeni ya kigeni na aulizwe alikiona kipi. Asiyekumbuka chochote, akibahatisha tu, atapata kama 25. Anayepata 15 au pungufu amefanya jambo ambalo kwa bahati tupu hutokea chini ya mara moja katika mia. Ili ukosee kiasi hicho, lazima ulijue jibu la kweli.

Lakini nisieleweke vibaya. Alama duni katika kipimo kimoja cha juhudi hazimfanyi mtu kuwa mwongo. Demensia kali (ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili), usingizi wa dawa, au kutoelewa maelekezo vinaweza kuzishusha. Mtaalamu mwangalifu hutumia vipimo kadhaa, akavitawanya ndani ya siku nzima, kisha akauliza kama picha yote inalingana na maisha ya mtu. Anayeshindwa kukumbuka maneno matatu chumbani, lakini ameendesha gari peke yake hadi ofisini na kuegesha bila shida, ana maelezo ya kutoa. Na hata anayekuza dalili anaweza kuwa na jeraha la kweli chini yake. Hayo mawili hukaa nyumba moja mara nyingi kuliko mawakili wanavyopenda.

Hatua ya 6: Isome ripoti kama mtu anayetaka kuibomoa

Anza na namba. Vipimo vingi vya akili vina wastani wa 100 na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika, wa 15. Hivyo 85 iko juu ya takriban asilimia 16 ya watu, na 70 juu ya kama asilimia 2. Kila alama ina ukingo wake wa makosa, kwa kawaida pointi tano hivi kila upande. Ukingo huo umeshaokoa maisha. Mwaka 2002, katika Atkins v. Virginia, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikataza kuwapa adhabu ya kifo wenye ulemavu wa akili. Florida ikaweka mstari kwenye 70: mwenye 71 asisikilizwe zaidi. Katika Hall v. Florida (2014) mahakama hiyo iliukataa mstari huo, kwa sababu 71 kwenye karatasi inaweza kuwa pungufu kwa kweli, na sheria haiwezi kujifanya haijui jinsi kipimo kinavyofanya kazi.

Uliza kipimo kililinganishwa na watu gani, na lini. Katika nchi nyingi, alama za akili zilipanda kwa kama pointi tatu kila muongo katika karne ya 20, kwa hiyo kipimo chenye viwango vya zamani humwonyesha mtu kuwa na akili nyingi kuliko alizonazo. Na viwango vyenyewe vinaweza kubeba dhuluma. Katika mpango wa fidia wa wachezaji wastaafu wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, walioumia ubongo, wachezaji Weusi walikadiriwa kuwa walianzia chini zaidi kuliko Weupe. Ikawa vigumu kwao kuthibitisha kwamba wameshuka. Ligi ilitangaza mwaka 2021 kuwa itaacha utaratibu huo, baada ya wachezaji kushtaki. Majedwali yaliyoonekana ya kisayansi yalikuwa yanaamua nani alipwe.

Hesabu pia alama za chini ziko ngapi kati ya ngapi. Mtu mzima kabisa akifanya vipimo ishirini au zaidi, ni kawaida apate viwili vitatu vibaya. Ripoti inayookota alama mbili za chini na kuziita "uharibifu wa ubongo" haifai kitu. Inayofaa hukuonyesha mpangilio: kasi imeshuka, umakini umeshuka, kumbukumbu ya kupokea mapya imeshuka, lakini msamiati uko palepale. Mpangilio huo una maana.

Hatua ya 7: Unganisha jeraha, tabia na tukio

Hapa ndipo kesi za fidia hushindwa. Mhasibu wetu ni mzito wa kufikiri, hilo limethibitika. Limetokana na gari? Sonona, maumivu ya kudumu, kukosa usingizi na dawa za maumivu vyote hupunguza kasi na umakini. Tena baada ya mtikisiko mdogo mmoja wengi hupona ndani ya wiki au miezi michache. Jeraha dogo likidaiwa kuzidi kuwa baya mwaka hadi mwaka, tafuta sababu nyingine. Jeraha hufikia kilele mwanzoni, halafu hupungua au kutulia. Ripoti nzuri huzitaja sababu zote zinazoweza kuwapo na kueleza kwa nini inaziondoa au inazibakiza.

Katika jinai mnyororo ni mrefu zaidi. Mwaka 1991 Herbert Weinstein, mkazi wa Manhattan asiye na historia ya ukatili, alimuua mkewe. Uchunguzi ulikuta kifuko cha majimaji kinachokandamiza ubongo wake. Jaji aliruhusu picha zionyeshwe, lakini hakuruhusu wataalamu waseme kwamba vifuko vya namna hiyo husababisha ukatili, maana hilo halikuwa limekubalika kisayansi. Kesi iliishia kwa makubaliano ya kukiri kosa la kuua bila kukusudia. Mimi naona jaji yule alipatia: kasoro iliyopo kichwani na kitendo kilichofanyika mkononi ni nukta mbili, na kuna watu wengi wenye kasoro hiyohiyo waliozeeka bila kumgusa mtu.

Hatua ya 8: Kizimbani

Kabla ya kufika huko, jua mlango ukoje. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa Daubert mwaka 1993, jaji wa shirikisho ndiye bawabu: huuliza kama mbinu imejaribiwa, imepitiwa na wanataaluma, kiwango chake cha makosa kinajulikana, na inakubalika kwa wenzake. Hata kama mahakama yako haitumii jina hilo, maswali hayo manne yatakuja, na mtaalamu awe na jibu la kila kipimo alichotumia.

Katika ushahidi wa kwanza, mfanye azungumze kama mtu. Badala ya "upungufu katika kumbukumbu ya maneno ya kuchelewa", aseme: "Nilimsomea maneno kumi na sita mara tano. Nusu saa baadaye alikumbuka matatu. Mtu wa umri na elimu yake hukumbuka kama kumi na moja." Mahakama itaelewa, na mwandishi wa kumbukumbu ataandika bila kuinua kichwa.

Kwenye maswali ya dodoso, yaani ya wakili wa upande wa pili, tegemea haya: umelipwa kiasi gani, mara ngapi umetoa ushahidi kwa upande huu, ulikaa naye kwa saa ngapi, hukuona rekodi ya shule, siyo? Shahidi anayekubali haraka udhaifu wa kweli hubaki na nguvu. Anayebishana juu ya kila koma huchosha hakimu.

Na asivuke mpaka. Mwaka 1982 John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Ronald Reagan, alionekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, baada ya wiki za wataalamu kupingana. Miaka miwili baadaye Bunge la Marekani liliwazuia wataalamu katika kesi za jinai za shirikisho kutamka kama mshtakiwa alikuwa au hakuwa na hali ya akili inayounda kosa. Kazi ya mtaalamu ni kueleza akili ilikuwaje. Neno la hatia ni la mahakama.

Jambo moja la mwisho la kiutendaji, ambalo husahaulika hadi limeshaharibu. Upande wa pili utataka kumpima mteja wako tena. Vipimo vilevile vikirudiwa baada ya wiki chache, alama hupanda kwa mazoea tu, na mdaiwa ataziita kupona. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, nani apime kwanza, vipimo gani virudiwe, baada ya miezi mingapi, na kwamba karatasi ghafi za majibu zitakwenda kwa mtaalamu wa upande wa pili moja kwa moja bila kupitia mikononi mwa mawakili au kubaki wazi kwenye jalada la umma.